Kompaila Haisomi Asembli Yako

Hotuba kwa wanafunzi wa kompyuta na waandishi wa programu, Mjini Unguja

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Walimu wetu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliokuja na laptopu zenu mapajani, ahsanteni kwa kuitika mwito.

Tutazungumzia asembli ya kuchomeka, yaani zile amri za prosesa mnazozipachika katikati ya programu ya C kwa neno __asm__. Nitabaki kwenye prosesa za x86-64, mfumo wa Linux, na kompaila (programu zinazogeuza C kuwa amri za prosesa) za GCC na Clang. MSVC, kompaila ya Microsoft, nimeiacha kwa makusudi: kwa programu za biti 64 haikubali kabisa asembli ya kuchomeka. Na nitabaki upande wa mtumiaji, nje ya keneli (kiini cha mfumo wa uendeshaji), kwa kuwa huko ndiko wengi wenu mnakoanzia: programu isiyotegemea maktaba ya C, kipima muda, wito wa mfumo (ombi la programu kwa keneli) ulioandikwa kwa mkono.

Umbo lake mnalijua. Ndani ya mabano huja maandishi ya amri. Nuktambili ya kwanza hutangulia matokeo, ya pili hutangulia viingizo, na ya tatu hutangulia orodha ya vitu vinavyoharibiwa. Sasa shikeni jambo moja, maana mengine yote ya leo yanatoka humo: yale maandishi ya amri kompaila haiyaelewi. GCC hubadilisha %0 na %1 kuwa majina ya rejista (vihifadhi vidogo vya ndani ya prosesa), huhesabu mistari ili ikisie ukubwa wa kipande, kisha huyapeleka kama yalivyo kwa asembla, programu inayoyageuza kuwa msimbo wa prosesa. Clang inayo asembla yake ya ndani, lakini nayo hugawa rejista kwa kufuata masharti uliyoyaandika baada ya nuktambili, si kwa kufuata amri zenyewe.

Mfikirieni karani wa bandari pale Malindi. Sanduku limepigwa misumari, halifunguliwi. Yeye anasoma hati ya shehena tu. Ukiandika kwenye hati kwamba ndani mna nguo, kumbe mna mafuta ya taa, atalipandisha juu ya magunia ya karafuu bila wasiwasi. Kitakachoharibika ni karafuu za mtu mwingine, si sanduku lako, na itagundulika safari imeshafika mbali. Makosa ya asembli ya kuchomeka yana tabia hiyohiyo. Amri zako huwa sahihi, hati ndiyo ya uongo, na programu huanguka kwenye funksheni isiyohusika kabisa.

Tuanze na wito wa mfumo wa kuandika, ambao kwenye x86-64 ni namba 1:

long jibu;
__asm__ volatile ("syscall"
    : "=a"(jibu)
    : "a"(1L), "D"((long)faili), "S"(maneno), "d"(urefu)
    : "rcx", "r11", "memory");

Amri ni moja tu, syscall. Uzito wote uko chini yake. Herufi a, D, S na d husimama badala ya rax, rdi, rsi na rdx. Namba ya wito hukaa rax. Hoja sita hukaa rdi, rsi, rdx, r10, r8 na r9, kwa mpangilio huo. Jibu hurudi ndani ya rax. Likiwa kati ya -4095 na -1 ni kosa, na hakuna atakayekuwekea errno (kigeu cha namba ya kosa), kwa sababu errno huwekwa na maktaba ya C, si na keneli.

Kwa nini rcx na r11 zimetajwa, ilhali hatukuzigusa? Prosesa yenyewe, inapotekeleza syscall, huweka anwani ya kurudia ndani ya rcx na bendera (biti za hali ya prosesa) ndani ya r11. Ndiyo maana hoja ya nne ya wito wa mfumo hukaa r10, wakati funksheni za kawaida za C huiweka rcx. Ukisahau kuzitaja, kompaila itaamini kwamba kihesabio cha kitanzi ilichokiacha ndani ya rcx kingali pale. Kitanzi kinachopanda hadi kumi kinaweza kutoka baada ya mzunguko mmoja, maana rcx sasa imebeba anwani, namba kubwa mno. Kinachoshuka hadi sifuri kitazunguka kana kwamba hakina mwisho.

Ukijenga kwa -O0, yaani bila kompaila kuboresha programu, hutaona lolote. Huko kila kigeu hurudishwa kwenye staki (eneo la kumbukumbu la vigeu vya funksheni) baada ya kila sentensi, hakuna kinacholala ndani ya rejista, kwa hiyo uongo wa hati haumgusi mtu. Unapopanda -O2, inayoboresha, ndipo mambo yanapovurugika, na hapo utasikia watu wakisema kompaila ina hitilafu. Kabla hujasema hivyo, isome upya ile nuktambili ya tatu.

Neno memory lina kazi yake mbali. Kielekezi kilichomo ndani ya rsi, machoni pa kompaila, ni namba tu. Haijui kwamba keneli itaifuata namba hiyo hadi kwenye baiti zenyewe. Mkijaza safu ya herufi kwa maneno "Karibu Pemba", kisha mkaita kuandika bila kutaja memory, -O2 inayo haki ya kuona kwamba baiti zile hazisomwi na yeyote, ikaifuta hatua nzima ya kuzijaza. Skrini itatoa takataka zilizokuwa kwenye staki. Kwa wito wa kusoma, namba 0, madhara huja kwa upande wa pili: keneli imeshajaza bafa, lakini kompaila inaendelea kutumia thamani ya zamani iliyoishika, kwa vile hakuna aliyeiambia kwamba bafa imebadilika.

Anayechelea gharama ya memory, maana hulazimisha kila kilichoko kumbukumbuni kiandikwe au kisomwe upya, anaweza kulitangaza eneo husika peke yake: kama kiingizo chenye sharti m (mahali kumbukumbuni) likiwa linasomwa, au tokeo lenye =m likiwa linaandikwa. Hapo lazima utangaze safu nzima kwa ukubwa wake, si baiti ya kwanza tu. Kwa wito wa mfumo mimi ningeshauri memory bila kusita. Gharama ya kuingia na kutoka keneli ni kubwa kuliko hiyo.

Hoja ya nne, ya tano na ya sita zina mtego wa ziada. Hakuna herufi ya sharti kwa r10, r8 wala r9, kwa hiyo hutumiwa kigeu kilichofungwa kwenye rejista, mfano: register long d __asm__("r10") = hoja; kisha kinaingizwa kwa sharti r (rejista). GCC huahidi kwamba kigeu hicho kitakuwa ndani ya r10 pale tu kinapokuwa kiingizo au tokeo la asembli. Ukiita funksheni nyingine baada ya kukipa thamani na kabla ya asembli, hata funksheni isiyoonekana kama ile ya kugawanya namba kubwa, r10 inaweza kuharibiwa. Kokotoeni hoja zote kwanza ndani ya vigeu vya kawaida, halafu zipeni rejista mstari mmoja kabla ya __asm__.

Sasa tuje kwenye viingizo vinavyobadilika. Amri ya rep movsb hunakili baiti. Katika kufanya hivyo husogeza rdi na rsi mbele, na huishusha rcx hadi sifuri. Mwandishi huziweka tatu hizo kama viingizo, na kiingizo kwa kompaila maana yake ni kitu kitakachorudi kama kilivyokwenda. Baada ya hapo kompaila itatumia rdi ikidhani bado inaelekeza mwanzo wa bafa. Ukijaribu kutaja rdi kwenye orodha ya uharibifu ilhali ni kiingizo, itakataa kujenga. Njia ya sawa ni kuzitangaza kama matokeo yanayosomwa na kuandikwa: "+D", "+S" na "+c", pamoja na memory. Na kama umegeuza mwelekeo kwa std, rudisha kwa cld kabla ya kutoka. Makubaliano ya kuitana kwa funksheni yanataka bendera ya mwelekeo iwe sifuri, na memcpy ya maktaba haitakuuliza.

Kosa linalofuata ni dogo kwa umbo, ni herufi moja tu. Tuseme unataka c iwe a kujumlisha b. Unaandika amri mbili: mov %1, %0 na baada yake add %2, %0. Tokeo ni "=r", viingizo viwili ni "r". Kompaila hudhani kwamba viingizo vyote vimeshasomwa kabla tokeo halijaandikwa, kwa hiyo inaruhusiwa kukipa c rejista ileile ya b. Amri ya kwanza inaifuta b kwa kuiwekea a. Ya pili inajumlisha a na a. Ukiingiza 5 na 7 utapata 10 badala ya 12. Dawa ni "=&r": alama ya & huiambia kompaila kwamba tokeo hili huandikwa mapema, lisishiriki rejista na kiingizo chochote. Kipande chenye amri zaidi ya moja kikaguliwe hivi kila mara: je, kuna tokeo linaloandikwa kabla ya kiingizo cha mwisho kusomwa?

Nitakaa kidogo kwenye staki, kwa sababu hapo ndipo hata wazoefu wanapojikwaa.

Makubaliano ya System V kwa x86-64 yanaipa kila funksheni baiti 128 chini ya rsp (rejista inayoelekeza ncha ya staki), zinazoitwa ukanda mwekundu. Funksheni isiyoita nyingine inaweza kuweka vigeu vyake humo bila kuisogeza rsp hata kidogo. Ishara (signal) inapoingia, keneli huruka baiti hizo 128 kabla ya kujenga fremu yake, kwa hiyo ni mahali salama. Si salama dhidi ya asembli yako. Ukiandika pushfq na pop %0 ili usome bendera, ile push inaandika baiti 8 juu ya kigeu ambacho kompaila imekihifadhi papo hapo. Ukiisoma amri kwa macho utaona push na pop zimelingana, rsp imerudi pale pale, na utaapa kwamba hakuna kosa. Kigeu kimeshafutika.

Kwenye GCC za kabla ya toleo la 15 hakuna neno la kuandika kwenye orodha ya uharibifu litakalolinda ukanda huo; GCC 15 ndiyo iliyoleta "redzone". Kutaja rsp pale hakukusaidii, na GCC mpya hukuonya kwamba zoea hilo limepitwa. Bila neno hilo mna njia tatu. Ya kwanza ni kujenga faili hilo kwa -mno-red-zone, kama keneli ya Linux inavyojengwa. Ya pili ni kuvuka ukanda kwa mkono: lea -128(%rsp), %rsp mwanzo, na lea 128(%rsp), %rsp mwisho. Nasema lea, si sub na add, kwa sababu lea haigusi bendera, na hapa bendera ndizo tunazozisoma. Ya tatu, ambayo naipenda kuliko zote, ni kutogusa staki kabisa ndani ya asembli ya kuchomeka.

Kuna na la pili hapohapo. Ukisogeza rsp halafu ukatumia kiingizo chenye sharti m, anwani yake huenda imeandikwa kwa kuhesabu kutoka rsp. Baada ya push moja, kile kilichokuwa 12(%rsp) sasa kiko 20(%rsp), nawe unasoma jirani yake. Kwa hiyo unapocheza na rsp, viingizo viwe vya rejista tu.

Kuita funksheni ya C kutoka ndani ya asembli hukusanya matatizo hayo yote kwa pamoja. Ukanda mwekundu unakanyagwa na anwani ya kurudia. rsp lazima igawanyike kwa 16 pale call inapotekelezwa, la sivyo amri kama movaps iliyomo ndani ya funksheni hiyo itaangusha programu. Na lazima utaje rejista zote ambazo funksheni inaruhusiwa kuziharibu: rax, rcx, rdx, rsi, rdi, r8 hadi r11, xmm0 hadi xmm15, na zaidi ya hizo kwenye prosesa zenye AVX-512. Irudisheni call kwenye C, asembli ibaki na amri zake.

Kuhusu volatile, watu wanalitwika neno hili mzigo usiokuwa wake. Linasema mawili tu: kipande hiki kisifutwe hata kama tokeo halitumiki, na kisivuke vipande vingine vya volatile. Halisemi lolote juu ya hesabu za kawaida zilizo jirani. Tazameni upimaji wa muda kwa rdtsc, amri inayosoma kihesabio cha muda cha prosesa. Bila volatile, kompaila inaona vipande viwili vinavyofanana, visivyo na kiingizo, ikaviunganisha kimoja. Tofauti ya muda ikawa sifuri. Ukiongeza volatile vinabaki viwili, lakini hesabu uliyotaka kuipima inaweza kuhamishiwa juu ya cha kwanza au chini ya cha pili. memory itazuia kusoma na kuandika kumbukumbu kusihame, ila hesabu iliyo ndani ya rejista peke yake haiioni. Hiyo ifungeni kwa kuipitisha kama "+r" kwenye kipande. Na baada ya kuidhibiti kompaila, prosesa nayo hutekeleza amri bila kufuata foleni, kwa hiyo tangulizeni lfence, amri ya kusubirisha, kabla ya rdtsc.

Hapohapo pana sharti "=A". Kwenye biti 32 maana yake ni jozi ya edx na eax pamoja, na mifano mingi ya zamani imeandikwa hivyo. Kwenye biti 64 maana yake ni ama rax au rdx, moja tu. Mfano ule unajengeka bila onyo na unapoteza nusu ya namba. Andikeni matokeo mawili, "=a" na "=d", muyaunganishe kwa kusogeza la pili biti 32.

Upana wa rejista nao una lake. Ukipitisha int kwa sharti r, kompaila inakuhakikishia biti 32 za chini. Za juu zinaweza kuwa na chochote. Ukiitumia rejista nzima kama faharasa ya safu, siku nyingi itakubali, kwa kuwa amri za biti 32 huzisafisha zile za juu. Siku moja haitakubali. Badilisheni ziwe long kabla ya kuzipitisha.

Lebo nitazipita haraka. Ukiandika lebo yenye jina ndani ya kipande, na kompaila ikakinakili kipande hicho mara mbili kwa kupachika funksheni au kukunjua kitanzi, asembla itagoma kwamba jina limeshatumika. Tumieni lebo za namba, 1: na kurukia 1b kwa nyuma au 1f kwa mbele. Kuruka kutoka kipande kimoja kwenda lebo ya C kunahitaji asm goto.

Kuna kazi ambazo hazifai kuchomekwa kabisa, hata hati iwe safi namna gani. Ya kwanza ni _start, mahali programu inapoanzia. Keneli inapoianzisha programu, rsp imegawanyika kwa 16 na inaelekeza kwenye argc (idadi ya hoja za programu). Funksheni ya C hujengwa ikiamini kwamba imeitwa kwa call, yaani anwani ya kurudia imeshasukumwa na rsp imepishana kwa 8. Ukiandika _start kama funksheni ya C, mpangilio wote umekosea kwa baiti 8, na prologi ya kompaila (amri za mwanzo wa funksheni) inaisogeza rsp kabla hujaisoma argc. Ya pili ni kirejeshi cha ishara, kinachoita rt_sigreturn, namba 15. Keneli huitafuta fremu yake kwa kuhesabu kutoka rsp. Push rbp moja ya prologi inatosha kuipoteza. Ya tatu ni clone (wito wa kuzaa mchakato au uzi) yenye staki mpya: mtoto anaamka kwenye staki tupu, vigeu vya mzazi vilivyohesabiwa kutoka rsp havipo, na hata anwani ya kurudia haipo. Zote tatu ziandikwe kwenye faili la .S peke yake, au asembli ya nje ya funksheni. Kwa _start amri nne zinatosha: xor %ebp, %ebp, mov %rsp, %rdi, and $-16, %rsp, halafu call ya funksheni yenu ya C, ambayo isirudi bali iite exit, namba 60.

Kabla ya kuandika chochote, tazameni kama kimeshaandikwa. Atomiki zipo kwenye __atomic na kwenye stdatomic.h, na kompaila inazielewa kwa ndani. Kuhesabu sifuri za mbele kuna __builtin_clz, ingawa kiingizo cha 0 haikiahidi jibu. Na kuhusu hili la mwisho, nawasihi hasa nyinyi mnaotumia laptopu zilizotumika kutoka madukani Darajani, zenye umri tofauti. Amri ya lzcnt, inayohesabu sifuri hizo, iliingia kwenye prosesa za Intel na Haswell, 2013. Kwenye ya zamani zaidi haileti kosa: baiti zake husomwa kama bsr, inayotoa nafasi ya biti 1 iliyo juu kabisa. Kwa namba 1 ya biti 32, lzcnt hujibu 31, bsr hujibu 0. Programu ileile, laptopu mbili, majibu mawili. Ulizeni kwanza cpuid, amri ya kujua uwezo wa prosesa, mkikumbuka kwamba nayo huandika eax, ebx, ecx na edx zote nne, ziwe zimetajwa zote.

Wenye bodi na simu za ARM64, wito ni svc #0, namba hukaa x8, hoja huanzia x0, na kuandika ni 64 si 1. Neno cc kwenye orodha ya uharibifu, ambalo x86 hulichukulia kuwa limo siku zote, huko lazima mliandike mnapogusa bendera.

Majaribio yafanyike hivi. Jengeni kwa -O0, -O2, -O3 na -O2 -flto, kwa GCC na kwa Clang. Tazameni amri zilizotoka kwa objdump -d, mkihakikisha ni rejista gani iliyopewa kila kigeu kabla na baada ya kipande. Halafu ibaneni kompaila: wekeni kipande ndani ya kitanzi chenye vigeu kumi na viwili vinavyohitajika kabla na baada yake. Rejista za kawaida ni 16, rsp imeshachukuliwa, kwa hiyo pa kujificha ni pachache; rejista iliyosahaulika kwenye hati ina nafasi kubwa ya kukutana na kigeu fulani.

Fungueni laptopu. Tunaanza na wito ule wa namba 1: ondoeni "r11" kwenye orodha, jengeni kwa -O2 ndani ya kitanzi hicho, na kwa gdb piteni amri moja moja kwa stepi (kifupi chake "si"), mkiiangalia r11 kabla na baada ya syscall.